Jinsi ya kumfanya kambale atage kwa tezi ya pituitari, na kwa nini tezi hiyo inafanya kazi

Kambale jike anaweza kukaa bwawani miezi na miezi, tumbo limejaa mayai, asitage hata moja. Mzee mmoja mfugaji wa Dakawa aliniuliza, "Mwanangu, hawa wamejaa namna hii, mbona hawazai?" Nikamwambia, "Mzee wangu, samaki wako hawaumwi. Mayai yameshakua, yanasubiri homoni, na homoni haijatoka." Kambale wa porini huku Morogoro hutaga wakati wa mvua, mito inapofurika na maji kuingia majarubani na kwenye nyasi. Wanapanda usiku kwenye maji ya kina kifupi na kutaga. Bwawa la kuchimba halifuriki, kwa hiyo mwili wa samaki haupati habari kwamba wakati umefika.

Homoni yenyewe inaitwa LH, na inatengenezwa kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Mimi nazalisha vifaranga kwa kutoa tezi hiyo kwa samaki mmoja na kumchoma nayo mwingine. Njia hii ni ya zamani. Mwaka 1930 Bernardo Houssay wa Argentina alichoma samaki kwa tezi za samaki wengine, na katika miaka hiyo hiyo ya 1930 Rodolpho von Ihering akaifanya kuwa njia ya kuzalisha samaki huko Brazil. Kwa mfugaji mdogo ni njia nafuu mno, maana dawa iko kichwani mwa samaki uliye naye tayari.

Nimeona vijana wengi wakifundishwa hatua tupu: kata hapa, saga, choma, subiri. Leo inakubali, kesho inakataa, na hawajui kwa nini. Ndiyo maana naanza na tezi yenyewe, jinsi inavyojengwa samaki akiwa bado ndani ya yai. Ukate wapi, uchukue samaki yupi, kwa nini dawa ya dukani imegoma: majibu ya maswali haya yote yanaanzia huko.

Tezi inavyojengwa

Pituitari ina sehemu mbili zenye asili mbili. Ya nyuma ni ubongo wenyewe uliochomoza kwenda chini. Ya mbele, inayotengeneza LH, inatokana na tabaka la nje la kiinitete, upande wa kinywa. Kwa panya, kuku na binadamu, dari ya kinywa cha kiinitete hujikunja kwenda juu na kufanya kifuko, ambacho mwanaanatomia Martin Rathke alikieleza mwaka 1838 na mpaka leo kina jina lake. Samaki wa aina ya kambale hawafanyi kifuko. Seli zao hukusanyika kuwa kibonge tu. Lakini mahali ni pale pale, kati ya sakafu ya ubongo na dari ya kinywa. Hii ndiyo sababu mimi naifuata tezi kwa kufungua kaakaa, sipasui utosi. Upande wa utosini ubongo wote unakuzuia, na mikono yenye haraka huusaga pamoja na tezi.

Seli za upande wa kinywa zinakuwa tezi kwa sababu zinaambiwa na majirani zake. Ubongo unaokua karibu nazo unatoa protini za ishara zinazosambaa hadi kwenye seli hizo: Shh, FGF, BMP, na jamii ya Wnt. Wanasayansi wamelifuatilia jambo hili kwa danio, yule samaki mdogo mwenye mistari anayefugwa maabara, kwa sababu kiinitete chake ni angavu na unaona kila kitu kikitokea. Danio asiyeweza kupokea ishara ya Shh hapati tezi, na seli ambazo zingekuwa pituitari hujenga lenzi ya jicho. Danio asiye na Fgf3, seli za tezi hazipati utambulisho wake na zinakufa. Kwa panya, BMP4 kutoka sakafu ya ubongo ndiyo inayoanzisha kifuko cha Rathke, na FGF ndizo zinazoendelea kukikuza. Mimi hili hunisisimua kila nikilifikiria: seli zile zile, ishara ikibadilika, zinakuwa jicho badala ya tezi.

Tezi ikishaanza, ishara hizo zinagawa mitaa ndani yake. Kwa panya, FGF ina nguvu upande wa juu ulio karibu na ubongo, na BMP2 ina nguvu upande wa chini. Kila seli inapokea kiasi tofauti cha hiki na kile, na kiasi hicho ndicho kinachoamua jeni zipi ziwake. Seli zinazowasha jeni ya Pit1 zitatengeneza homoni ya ukuaji, prolaktini au TSH, homoni inayoamrisha tezi ya shingo. Zile za upande wa chini, zinazowasha jeni za GATA2 na SF1, zitatengeneza LH na mwenzake FSH, homoni nyingine ya uzazi. Kuna panya waitwao wa Snell, Pit1 yao imeharibika, nao hubaki wafupi maisha yao yote. Kwa binadamu, hitilafu ya jeni ya PROP1, inayotangulia Pit1, humfanya mtoto asikue na mara nyingi asibalehe bila matibabu. Mzazi mwenye mtoto aliyeacha kurefuka, tafadhali ampeleke akapimwe homoni mapema. Homoni zinazokosekana zinaweza kurudishwa kwa dawa, na ni bora matibabu yaanze mapema.

Turudi kwa samaki. Ile sehemu ya tezi inayotoka upande wa kinywa imegawanyika tatu. Ya mbele ina seli za prolaktini na za ACTH, homoni ya msongo. Ya katikati ina homoni ya ukuaji, TSH, LH na FSH. Ya nyuma ina MSH, homoni ya rangi ya ngozi, na somatolaktini, ambayo ni homoni ya samaki. Kwa mtu mwenye kisu mkononi maana yake ni kwamba tezi itolewe nzima. Ukiipasua ukabaki na kipande cha mbele, umebaki na prolaktini, na prolaktini haiwezi kukomaza yai.

Kuna jambo la pili ambalo vijana hawaambiwi. Ishara za ujenzi hazifi samaki anapozaliwa, zinapewa kazi nyingine. Mfano mzuri ni aktivini, protini ya ukoo mmoja na BMP. Kwenye kiinitete cha chura inaweza kuziamuru seli ziwe tabaka la kati, linalozaa misuli na damu. Kwenye pituitari ya mnyama mzima, aktivini hiyo hiyo inaongeza utengenezaji wa FSH, na kwa samaki wa dhahabu imeonekana ikipandisha FSH huku ikishusha LH. Kwa samaki wengi FSH ndiyo ya mwanzo, mayai yanapokua na kujaa lishe. LH inarundikana baadaye, homoni za ovari na korodani zinaporudisha habari kwenye tezi kwamba huku chini tuko tayari. Kwa hiyo umri na hali ya samaki unayemtoa tezi ni muhimu kuliko ukubwa wa kichwa chake. Kambale mchanga ana tezi nzuri yenye seli zote mahali pake, ila ghala la LH ni tupu. Ukimchoma mzazi wako kwa tezi ya namna hiyo, utasubiri mpaka asubuhi na hupati kitu.

Na kwa nini jike mwenye LH yake mwenyewe haitoi? Kwa samaki, mishipa ya fahamu kutoka ubongoni inaingia moja kwa moja ndani ya tezi, haipitii mtandao wa damu kama kwa binadamu. Baadhi ya mishipa inaleta GnRH, inayosema toa. Mingine inaleta dopamini, inayosema zuia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walionyesha miaka ya 1980 kwa kambale huyu huyu wa Afrika kwamba dopamini ndiyo inayofunga LH, na kwamba ukiizuia dopamini kwa dawa huku ukimpa GnRH ya kutengenezwa, jike anatoa mayai. Ovaprim inayouzwa kwenye chupa inafanya kazi kwa namna hiyo: ina GnRH ya kutengenezwa na domperidoni ya kuzuia dopamini. Inachomwa nusu mililita kwa kila kilo ya samaki.

Shika tofauti hii, maana itakuokoa. Ovaprim inaiambia tezi ya jike mwenyewe ifungue ghala. Kama ghala lake ni tupu, kwa sababu ni mchanga, amekonda, au ametaga juzi, chupa nzima haitakusaidia. Tezi iliyosagwa inamletea LH iliyokwisha kutengenezwa, inaruka ubongo na pituitari yake na kwenda moja kwa moja kwenye ovari. Lakini hata hiyo haimfai jike ambaye mayai yake hayajamaliza kukua. LH inakomaza yai lililo tayari, hailikuzi yai changa.

Kuchagua samaki

Wa kutoa tezi awe kambale aliyekomaa, dume au jike, aliye hai au aliyekufa muda huo huo. Uzito wake uwe karibu sawa na wa jike utakayemchoma, maana hesabu ni tezi moja ya samaki wa uzito sawa. Jike wa kilo moja, tezi ya kambale wa kilo moja, au mbili za kambale wa nusu kilo. Mimi wakati mwingine naenda sokoni alfajiri nanunua kambale wazima wanaocheza kwenye beseni, natoa tezi, nyama naila. Kichwa cha samaki aliyelala juani usikinunue. Tezi huanza kuoza haraka, na LH ni protini, inaharibika nayo.

Jike wa kuzalisha: tumbo limejaa na ni laini ukiligusa, sehemu ya uzazi imevimba na ina wekundu. Ukibonyeza kidogo kuelekea nyuma, mayai machache yanatoka bila kulazimishwa. Yaweke kwenye kucha ya kidole uyaangalie vizuri. Yawe ya ukubwa mmoja, milimita moja au zaidi kidogo, rangi ya kahawia au kijani kibichi kilichofifia, kila moja limesimama peke yake. Ukiona madogo na makubwa yamechanganyika, mrudishe bwawani. Hapo hakuna sindano itakayosaidia.

Dume utamtambua kwa kijinyama kirefu chenye ncha nyuma ya tundu la haja. Chagua mkubwa mwenye afya, maana yeye utamchinja. Kambale dume hakamuliki.

Tenga wazazi siku moja kabla, kila mmoja tangi lake, bila chakula. Wakikaa pamoja wanaumana hadi kufa. Na uwe mwangalifu na miiba ya mapezi ya kifuani: shika kichwa kwa taulo lililoloa, likifunika macho, samaki anatulia.

Kutoa tezi

Unahitaji kisu kikali, koleo la kukatia mifupa au mkasi mzito, kibano chenye ncha nyembamba, na taa. Ni afadhali taa nzuri kuliko kisu kizuri.

Mpige samaki kichwani kwa nguvu mara moja ili asiteseke, kisha kata kichwa. Ondoa taya la chini lote pamoja na matamvua, ubaki na upande wa juu. Kigeuze, kaakaa likuangalie. Futa damu na utelezi kwa kitambaa. Katikati ya kaakaa utauona mfupa mrefu bapa unaokwenda mbele na nyuma. Huo ndio sakafu ya fuvu, na nyuma yake ndipo kuna tezi.

Kata mfupa huo pande zote kwa koleo, kipande cha mraba, ukikata kwa juu juu. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Ncha ya koleo ikizama, inapita kwenye tezi kabla hujaiona. Inua kipande polepole, na usikitupe! Kiangalie kwanza upande wa ndani, kwa sababu tezi hukaa kwenye kishimo cha mfupa na mara nyingine huondoka nao. Kama haipo hapo, angalia ubongo. Tafuta mishipa miwili myeupe ya macho inayokutana na kuvukana. Nyuma kidogo ya makutano hayo kuna kibonge cheupe chenye uwaridi, kidogo kuliko punje ya mtama, kimeshikwa na kikonyo kifupi. Ubongo una weupe uliopauka na unateleza. Tezi ina umbo lake na inashikika kidogo. Mwanga ukiwa mzuri, huwezi kuvichanganya.

Usiibane tezi kwa kibano. Pitisha ncha za kibano chini yake, kata kikonyo, iinue ikiwa imekaa juu ya kibano. Iviringishe kidogo kwenye karatasi laini ili damu iondoke.

Kama utaitumia usiku huo, basi nenda moja kwa moja kwenye kusaga. Kama ni ya baadaye, itumbukize kwenye kichupa chenye asetoni, na baada ya saa nane hivi badilisha asetoni mara moja. Asetoni inanyonya maji na mafuta, vimeng'enya vinavyoozesha vinasimama, na LH inabaki. Kisha itoe, iache ikauke juu ya karatasi safi, ifunge kwenye kichupa kikavu kisichoingiza hewa, weka kwenye friji. Asetoni inashika moto kwa urahisi, kwa hiyo isiwe chumba kimoja na jiko la mkaa.

Kusaga na kuchoma

Tengeneza maji ya chumvi: gramu 9 za chumvi safi kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Saga tezi kwenye kinu kidogo cha kauri mpaka isionekane chembe, ndipo uongeze mililita 2 za maji hayo kidogo kidogo ukiendelea kusaga. Yakiwa moto yanaua homoni. Acha mashapo yatulie, vuta maji ya juu kwa bomba la sindano.

Choma kwenye nyama ya mgongo, chini kidogo ya mwanzo wa pezi la mgongoni, sindano ikiwa imelala mshazari. Sukuma taratibu. Ukichomoa, bonyeza kwa kidole na kusugua, la sivyo utaona dawa yako inarudi nje ya tundu. Andika saa na joto la maji pale pale.

Watu huniuliza kwa nini tezi ya samaki wa jamii nyingine inafanya kazi, maana tezi kavu za samaki aina ya kapu zinauzwa dunia nzima na zinamzalisha kambale vizuri. Ni kwa sababu mpango huu wa tezi ni wa wanyama wote wenye uti wa mgongo. LH ina minyororo miwili ya protini. Mmoja, alfa, ni ule ule kwenye LH, FSH na TSH. Wa pili, beta, ndio unaoipa homoni kazi yake. Homoni hii inafanana vya kutosha kati ya jamii na jamii, hata hCG, homoni ya mimba ya binadamu, inashika kipokezi cha LH cha kambale na kumtoa mayai.

Kusubiri

Muda unategemea joto la maji. Maji yakiwa nyuzi 25, mayai yako tayari baada ya saa 11 hivi. Nyuzi 28, saa 8. Nyuzi 22, inafika saa 15 na nusu. Mimi nachoma saa tatu usiku maji yakiwa nyuzi 25, saa mbili asubuhi nakamua. Tangi lililo nje, hasa huku chini ya Uluguru wakati wa kipupwe, maji yanashuka alfajiri, basi pima mara kadhaa usiku na uhesabu kwa wastani, usitegemee kipimo cha jioni.

Ndani ya saa hizo LH inafika kwenye seli zinazozunguka kila yai, zinabadilisha kazi na kutengeneza homoni nyingine, steroidi ya ukomavu. Hiyo inaingia kwenye yai, kiini kinasogea pembeni na kuta zake kuyeyuka, yai linaanza tena kugawanya kromosomu zake, kisha linatoka kwenye kifuko. Kabla ya hapo ukikamua kwa nguvu unapata damu. Ukichelewa saa kadhaa mayai yanazeeka ndani ya tumbo, machache yanaanguliwa, na vifaranga vingi vinatoka na mgongo uliopinda. Nikichagua kati ya kumwangalia jike na kulala usiku mzima, silali.

Kukamua na kurutubisha

Anza na dume. Mchinje, pasua tumbo, toa korodani mbili zilizorefuka, nyeupe za maziwa. Futa damu na maji yote, ziweke kwenye kisahani kikavu. Mbegu za kambale zinalala mpaka ziguse maji, zikigusa zinaogelea kama dakika moja tu na kwisha. Tone moja la maji kwenye kisahani linakuharibia kazi. Kichwa cha dume usikitupe.

Kausha tumbo la jike kwa taulo. Kidole gumba kipite taratibu kutoka kifuani kwenda nyuma, mayai yamiminike kwenye beseni kavu la plastiki. Yakiwa tayari yanatoka yenyewe kama uji mzito. Jike mwenye kilo moja anatoa gramu 100 hadi 150, na gramu moja ina mayai 600 hadi 700. Damu ikianza, simama.

Kata korodani kwa wembe, kamua kupitia kitambaa chepesi juu ya mayai. Changanya kwa unyoya wa kuku bila maji. Kisha ongeza maji safi kiasi cha kuyafunika, koroga polepole kama dakika moja, na mara hiyo hiyo yatandaze kwenye wavu ndani ya tangi la maji yanayotembea, tabaka moja, yasipandane. Baada ya hapo yananata na hutaweza kuyatenganisha.

Saa za ndani ya yai

Maji yakiwa nyuzi 25, vifaranga vinatoka baada ya saa 27 hivi. Nyuzi 28, saa 22. Ni muda mfupi, na watu wengi huuchukulia kuwa wa kusubiri tu. Kumbe ndani yake ndiko ule ujenzi nilioueleza unakoanza. Kwa danio, kwenye nyuzi 28 na nusu, seli za kwanza za prolaktini na za ACTH zinaonekana tezini karibu saa 24 baada ya kurutubishwa. Za homoni ya ukuaji zinafuata kesho yake. Prolaktini kutangulia kuna maana, kwa sababu ndiyo inayomsaidia samaki wa maji baridi kushika chumvi mwilini mwake, na kifaranga akitoka anaingia kwenye maji yasiyo na chumvi.

Kwa hiyo trei ya mayai usiisogeze juani, wala usimimine maji ya bomba yenye klorini ambayo hayajakaa wazi siku nzima. Joto lisipande na kushuka. Hewa isikatike, umeme ukikatika uwe na njia ya kuendesha maji kwa mkono. Spiriti na asetoni vikae mbali na trei, na mikono ioshwe. Kiinitete cha danio kilicholowekwa kwenye pombe kinaweza kupata macho yaliyosogeleana, hata jicho moja, kwa sababu pombe inavuruga ishara ya Shh. Hiyo ni ishara ile ile inayojenga tezi.

Mayai yaliyokufa yanageuka meupe. Yaondoe kwa mrija kabla ya ukungu kuyashika na kuhamia kwa wenzake. Vifaranga vikitoka vinajibanza kwenye giza, funika tangi. Kwa siku tatu hivi vinakula kiini cha yai kilichobaki tumboni, kisha anza artemia, vijidudu vya majini vya kulishia vifaranga, kidogo na mara nyingi kwa siku.

Wakati mayai yametulia kwenye wavu, rudi kwenye kichwa cha dume. Yeye alikuwa amekomaa na korodani zake umeziona kwa macho, kwa hiyo tezi yake ni bora kuliko ya samaki yeyote utakayemnunua bila kumjua. Itoe bila kuchelewa, itie kwenye asetoni, na juu ya kichupa andika tarehe, uzito wake, jinsia, na kwamba korodani zilikuwa zimejaa. Mzunguko ujao jike wa uzito huo atachomwa kwa hiyo.